Dawa Karibu, Kipimo Mbali: Historia ya Dawa za Kuzuia na Kuyeyusha Mgando wa Damu kwa Mtazamo wa Ubungo, Dar es Salaam

Utangulizi

Mgonjwa aliyepandikizwa vali ya bandia ya metali moyoni hutakiwa kumeza warfarini kila siku kwa maisha yake yote. Kidonge chenyewe ni kidogo, na bei yake haitishi ikilinganishwa na gharama ya upasuaji uliotangulia. Hata hivyo, kidonge hicho hakimezwi kwa kukisia. Kipimo chake kikizidi, damu hushindwa kuganda na mgonjwa huweza kuvuja damu tumboni au kichwani hata kama hakujikwaa popote. Kikipungua, damu huganda juu ya vali, na bonge likibanduka husafiri hadi kuziba mshipa wa ubongo. Baina ya hatari hizo mbili upo mwanya mwembamba, na njia ya kuujua ni moja tu: kutoa damu, kuipima na kurekebisha dozi, kisha kurudia tena baada ya wiki kadhaa.

Insha hii inachunguza historia ya dawa hizo kwa kuitazama kutoka Ubungo, eneo la magharibi mwa Jiji la Dar es Salaam lililomegwa kutoka Kinondoni katikati ya miaka ya 2010. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Manispaa ya Ubungo ilikuwa na wakazi 1,086,912 kati ya wakazi 5,383,728 wa mkoa mzima. Aghalabu historia ya dawa husimuliwa kutoka maabara ilikozaliwa au kutoka hospitali kuu ilikotua. Kuitazama kutoka Manzese, Kimara au Kibamba kunaibua swali tofauti. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, kikwazo cha mkazi wa Ubungo hakikuwa kidonge. Kilikuwa kipimo kinachokilinda kidonge, na saa zinazotakiwa na dawa za kuyeyusha mgando.

Damu katika lugha na katika tiba za pwani

Wazo kwamba damu inaweza kuharibika na kuzuia mwili kufanya kazi halikuletwa na hospitali. Waswahili wa pwani wamekuwa wakiumika tangu zamani, yaani kupiga chuku: pembe huwekwa juu ya ngozi iliyochanjwa ili kufyonza damu inayodhaniwa kuwa chafu. Desturi hiyo ingalipo jijini, na wengi sasa huiita hijama. Aidha, watu husema mtu ana damu nzito, na daktari akimwandikia dawa ya kuzuia mgando, wao huiita dawa ya kulainisha damu au ya kuifanya damu iwe nyepesi.

Majina hayo yanastahili kuzingatiwa, kwa kuwa yamebeba maana isiyolingana na kazi ya dawa. Warfarini haibadilishi uzito wa damu wala haiyeyushi bonge lililokwisha kuundwa. Kazi yake ni kulizuia ini lisitumie vitamini K kutengeneza baadhi ya protini zinazogandisha damu. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba damu yake itakuwa nyepesi anaweza kuelewa kuwa atapungukiwa damu, hali ambayo katika nchi yenye malaria na selimundu inaogopwa na kila mzazi. Anaweza kuiacha dawa kwa hofu hiyo, akaanza kunywa rozela ili kuongeza damu. Hapa neno limefanya kazi ya ushauri nasaha, na limeifanya vibaya. Pengine ingefaa zaidi kusema kwamba dawa hii huichelewesha damu kuganda.

Safari ya ugunduzi kwa ufupi

Dawa tatu zilizounda uwanja huu zilipatikana kwa njia zisizotarajiwa. Mwaka 1916, Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alikuwa akitafuta kitu kinachogandisha damu. Badala yake alikumbana na kitu kinachoizuia isigande. Mwalimu wake, William Howell, aliita kitu cha aina hiyo heparini mwaka 1918, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini. Usafishaji uliofanyika Toronto na Stockholm uliiwezesha heparini kutumika kwa binadamu katika nusu ya pili ya miaka ya 1930. Heparini hufanya kazi mara moja, lakini hutolewa kwa sindano, na hivyo ilibaki kuwa dawa ya mgonjwa aliyelazwa.

Warfarini ilitoka zizini. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini mwa Marekani walikufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu ya jamii ya klova yaliyoota ukungu. Mwezi Februari 1933, mfugaji mmoja wa Wisconsin alisafiri takribani kilomita 300 katika theluji akiwa amepakia mtamba aliyekufa na ndoo ya damu isiyoganda, akitafuta mtu wa kumweleza kisa cha msiba huo. Alifika katika maabara ya Karl Paul Link mjini Madison. Miaka michache baadaye maabara hiyo iliitenga dikumaroli, na mwaka 1948 dawa ya jamii hiyo yenye nguvu zaidi iliingia sokoni kama sumu ya panya. Herufi za mwanzo za jina lake zinatokana na taasisi ya utafiti ya wahitimu wa Wisconsin iliyogharimia kazi hiyo. Matumizi kwa binadamu yaliidhinishwa mwaka 1954, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alitibiwa nayo baada ya shambulio la moyo. Inafaa kukumbuka kwamba kabla dawa hii haijawa na jina, tayari kulikuwa na mtu aliyelazimika kubeba damu mwendo mrefu ili ikapimwe.

Ya tatu ni streptokinasi, itokanayo na bakteria. William Tillett wa Marekani aliieleza mwaka 1933. Tofauti na zile mbili za mwanzo, streptokinasi huliyeyusha bonge lililokwisha kuziba mshipa. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1988 kwa jina la ISIS-2, uliohusisha wagonjwa 17,187 wa shambulio la moyo, ulionesha kwamba streptokinasi na aspirini, kila moja peke yake, zilipunguza vifo, na kwamba zikitumika pamoja zilipunguza zaidi. Hivyo aspirini, ambayo kila duka la dawa la Manzese lilikuwa nayo kwa ajili ya maumivu ya kichwa, ilipata kazi ya pili.

Sambamba na dawa hizo kuna historia ya kipimo, ambayo vitabu vingi huipitia haraka mno. Mwaka 1935 Armand Quick alibuni kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda. Kwa karibu nusu karne majibu yake yalitofautiana baina ya maabara moja na nyingine kwa sababu vitendanishi havikuwa vya aina moja. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kizio cha pamoja, INR. Mtu asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Mgonjwa mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, na mwenye vali ya metali upande wa kushoto wa moyo, kati ya chemba ya juu na ya chini, huhitaji zaidi kidogo. Kuanzia hapo daktari wa Dar es Salaam na wa Stockholm waliweza kuzungumza lugha moja, ilimradi wote wawili wawe na maabara.

Hospitali kuu na mji ulioizunguka

Jiografia ya tiba ya Dar es Salaam ilichorwa kabla ya dawa hizi kuwapo. Mwaka 1897, chini ya utawala wa Wajerumani, hospitali ya Ocean Road ilihudumia Wazungu ufukweni, na hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo ikahudumia Waafrika na Wahindi. Waingereza waliendeleza mgawanyo huo wa makazi na huduma. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya huko Upanga kwa jina la Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru ilikuja kuitwa Muhimbili. Mafunzo ya udaktari yalianza jijini mwaka 1963, na mwaka 1968 yakawa sehemu ya kile kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Kuanzia hapo daktari bingwa, maabara na mwanafunzi wa udaktari vilikaa mahali pamoja, umbali mfupi kutoka Kariakoo.

Wakati huohuo mji ulikuwa ukielekea magharibi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo mwaka 1968, Chuo Kikuu kilikuwa kimekwisha kuhamia Mlimani, na pembezoni mwa Barabara ya Morogoro makazi yalisambaa kwa kasi ambayo mipango miji haikuweza kuifuata. Wakazi waliongezeka magharibi, maabara ikabaki mashariki.

Ingekuwa rahisi kuilaumu serikali ya wakati huo, lakini lawama hiyo isingekuwa ya haki. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sera ya afya ilielekeza nguvu vijijini, kwenye zahanati, vituo vya afya, chanjo na uzazi salama. Katika nchi ambamo watoto walikuwa wakifa kwa surua na malaria, kuweka maabara ya mgando wa damu mbele ya zahanati kungekuwa jambo lisiloeleweka. Orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 1977, ilijumuisha heparini na warfarini, pamoja na vitamini K na protamini za kuzidhibiti. Kuwamo katika orodha, hata hivyo, si sawa na kuwamo katika kabati la zahanati. Dawa inayohitaji kupimwa haiwezi kushuka chini ya ngazi ambayo kipimo chake kimefika.

Mabadiliko ya miaka ya 1990 yalisogeza dawa karibu na mtu bila kusogeza kipimo. Hospitali na zahanati za watu binafsi zilizokuwa zimewekewa vizuizi mwaka 1977 ziliruhusiwa tena mwaka 1991. Uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za umma mwaka 1993, na Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka huohuo. Maduka ya dawa yaliongezeka Sinza, Manzese na Kimara. Tangu hapo mgonjwa mwenye cheti aliweza kununua warfarini karibu na nyumbani, wakati kipimo cha INR kiliendelea kupatikana zaidi katika hospitali kubwa na maabara binafsi, kwa malipo ya kila mara. Kwa kaya inayoishi kwa biashara ndogondogo, gharama isiyokoma ya nauli, kipimo na siku ya kazi iliyopotea ni nzito kuliko bei ya dawa yenyewe.

Mchicha, kifua kikuu na dozi isiyotulia

Kuna sababu nyingine inayofanya kipimo kuwa cha lazima zaidi Ubungo kuliko vitabu vya Ulaya vinavyodhani. Vitamini K, ambayo warfarini hupambana nayo, imejaa katika majani ya kijani. Mlo wa kawaida wa Dar es Salaam ni ugali au wali pamoja na mchicha, matembele, kisamvu au majani ya kunde. Mgonjwa akila mboga hizo kila siku kwa kiasi kilekile, dozi huweza kurekebishwa kulingana nazo. Taabu huja pale kiasi kinapobadilika: mvua zikinyesha mchicha hushuka bei, ukame ukija hupanda, mwezi wa Ramadhani mlo hubadilika saa na aina, mwisho wa mwezi, nyama ikishindikana, mboga huongezeka. Ushauri wa kumkataza mgonjwa mboga za majani, unaotolewa mara nyingi kwa nia njema, humnyima chakula chake cha bei nafuu bila kuondoa haja ya kupimwa.

Maradhi ya kuambukiza huongeza ugumu. Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, huliamsha ini kuivunja warfarini kwa kasi, kiasi kwamba dozi iliyotosha mwezi uliopita haitoshi tena. Tiba ya kifua kikuu ikiisha, mambo hugeuka, na dozi kubwa iliyozoeleka huwa hatari. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo huingiliana na warfarini, na hali ni hiyohiyo kwa baadhi ya dawa za bakteria na za fangasi. Kwa mgonjwa anayehudumiwa kliniki moja kwa kifua kikuu na nyingine kwa moyo, usalama wake hutegemea kama madaftari mawili yamewahi kusomwa na mtu mmoja.

Upasuaji wa moyo na wanawake vijana

Hadi mwanzoni mwa karne hii, Mtanzania aliyehitaji upasuaji wa kufungua moyo alipelekwa nje ya nchi, hususan India. Upasuaji huo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete katika eneo hilohilo la Upanga. Mafanikio hayo yamesimuliwa sana, na kwa haki. Jambo lililosimuliwa kidogo ni kwamba kila vali ya metali iliyowekwa ilizaa mgonjwa wa kupimwa damu maisha yake yote.

Wengi wa wagonjwa hao si wazee. Vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maambukizi ya koo utotoni na hustawi penye msongamano wa makazi. Ugonjwa huo huwapata wanawake zaidi, tena katika umri wa kuzaa, na hapo ndipo historia hii inapokuwa na uchungu wake mkubwa. Warfarini huvuka kondo la nyuma. Ikitumika katika wiki za mwanzo za ujauzito, hasa ya sita hadi ya kumi na mbili, inaweza kuharibu mifupa na uso wa mtoto, na baadaye inaweza kusababisha mtoto kuvuja damu. Heparini haivuki kondo, lakini ni ya sindano kila siku, ni ghali zaidi, na kinga yake kwa vali ya metali ni dhaifu kuliko ya warfarini. Mwanamke wa Mabibo au Mbezi aliyeolewa akiwa na vali ya metali anatakiwa kuchagua kati ya hatari kwa mtoto na hatari kwake mwenyewe, mara nyingi wakati familia ya mume inasubiri mjukuu. Ipo vali itokanayo na tishu za wanyama, ambayo kwa kawaida haihitaji warfarini ya kudumu, lakini kwa mtu kijana huchakaa mapema na kumrudisha kwenye chumba cha upasuaji. Uamuzi kuhusu aina ya vali, kwa hiyo, ni uamuzi kuhusu uzazi, na pia kuhusu umbali wa nyumba ya mgonjwa kutoka kwenye maabara.

Dawa za kuyeyusha na ushuru wa saa

Ikiwa dawa za kuzuia mgando zinadai kipimo, dawa za kuyeyusha zinadai muda. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulionesha kuwa alteplasi, ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kiharusi kuanza, huongeza uwezekano wa mgonjwa kupona bila ulemavu. Mwaka 2008 muda huo ulisogezwa hadi saa nne na nusu. Kabla ya kuitoa, ni lazima kichwa kipigwe picha ya CT, kwa sababu kiharusi kinaweza kutokana na mshipa ulioziba au uliopasuka, na kumpa dawa hii mtu mwenye mshipa uliopasuka ni kumzidishia kifo. Katika jamii ambamo shinikizo la juu la damu halitibiwi ipasavyo, viharusi vya kupasuka mshipa si vichache.

Ukubwa wa tatizo umepimwa. Utafiti ulioongozwa na Richard Walker, uliofanyika kati ya Juni 2003 na Juni 2006 na kuchapishwa mwaka 2010, ulilinganisha wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na eneo la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya kwa mwaka vilikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 huko Hai, na 315.9 jijini. Yaani mkazi wa jiji lenye hospitali kuu alikuwa na hatari karibu mara tatu ya mkazi wa vijijini.

Utafiti mwingine wa mwaka 2008, ulioongozwa na Gerry Mshana, uliuliza watu wa sehemu hizohizo mbili kuhusu chanzo cha kiharusi na mahali pa kutafuta tiba. Matokeo yake yalipindua matarajio. Wa Hai walikitaja zaidi kwa sababu za kimwili, kama vile shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo, na wakaiweka hospitali mbele. Jijini Dar es Salaam wengi, ingawa si wote, walikihusisha na mashetani na uchawi, na wakaanzia kwa mganga, kwa imani kwamba hospitali haifai kwa maradhi ya namna hiyo. Kutumia tiba zaidi ya moja kulikuwa jambo la kawaida kote kuwili. Hapana budi kujihadhari na tafsiri ya haraka hapa. Haitoshi kusema kwamba watu wa jiji hawakuwa na elimu, kwa kuwa jiji ndilo lenye redio, shule na chuo kikuu. Ugonjwa unaomwangusha mtu ghafla akiwa mzima, ukampooza upande mmoja na kumnyang'anya kauli, unafanana na tendo la mtu au la jini kuliko maradhi yoyote mengine. Tena hospitali iliyokuwa haina la kumfanyia mgonjwa wa kiharusi zaidi ya kumlaza na kumrudisha nyumbani haikuwa imetoa sababu ya kukimbiliwa. Saa za alteplasi zilianza kuhesabiwa katika jamii ambayo haikuwa na kitu cha kuwahi.

Kwa Ubungo, saa hizo zilikuwa pia za barabara. Wakati wa msongamano, safari ya gari kutoka Kibamba hadi Upanga iliweza kumaliza sehemu kubwa ya muda unaoruhusiwa kabla mgonjwa hajaonwa na mtu. Ujenzi wa muongo wa 2010 na baada yake ulibadilisha sura hiyo: mabasi ya mwendokasi yalianza kati ya Kimara na Kivukoni mwezi Mei 2016, barabara ikapanuliwa kutoka Kimara kuelekea Kibaha kwa kubomoa nyumba nyingi, na njia za juu za Ubungo zikazinduliwa Februari 2021. Muhimu zaidi kwa mada hii, tarehe 25 Novemba 2017 ilizinduliwa hospitali ya Mloganzila, ndani ya Ubungo yenyewe, na mwaka uliofuata ikawekwa chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kwa mara ya kwanza maabara na picha za kiwango cha rufaa zilikuwa upande wa magharibi wa mji. Jiografia iliyochorwa mwaka 1897 ilipata kituo cha pili, takribani miaka 120 baadaye.

Dawa mpya na waliopitwa nazo

Katika karne hii zimekuja dawa za vidonge zisizohitaji kipimo cha INR, kama vile dabigatrani na rivaroksabani. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, mwaka ambao pia liliiongeza alteplasi kwa ajili ya kiharusi. Kwa mtazamo wa hoja ya insha hii, dawa hizo zilionekana kama jibu: dozi moja isiyobadilika, hakuna hofu ya mchicha, hakuna safari ya Upanga.

Lakini jibu hilo halikuwahusu waliolihitaji zaidi. Mwaka 2012 utafiti wa dabigatrani kwa wenye vali za metali ulisitishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliopewa dawa mpya walipata mgando na kuvuja damu zaidi ya waliobaki na warfarini. Ikabaki tumaini la wagonjwa ambao vali zao zimeharibiwa na baridi yabisi na mapigo ya moyo yao yamepoteza mpangilio, lakini hawajafanyiwa upasuaji. Utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, uliilinganisha rivaroksabani na dawa za jamii ya warfarini kwa wagonjwa wa namna hiyo. Watafiti walitarajia kwamba dawa mpya isingezidiwa. Ilizidiwa: waliotumia dawa ya zamani walipata vifo vichache zaidi, na hawakuvuja damu kwa wingi zaidi.

Maelezo ya matokeo hayo yanaigusa historia hii moja kwa moja. Tofauti ya vifo ilitokana zaidi na vifo vya ghafla na vya moyo kushindwa kufanya kazi kuliko na viharusi, ilhali kuzuia mgando ndiyo kazi ya dawa zote mbili. Wagonjwa wa dawa ya zamani walionwa mara kwa mara kwa ajili ya INR. Mwanzoni takribani theluthi moja tu ya vipimo vyao ilikuwa ndani ya mipaka inayotakiwa, na kadiri utafiti ulivyoendelea kiwango hicho kilipanda zaidi ya nusu. Katika mjadala uliofuata, uwezekano mmojawapo uliotajwa, ambao haujathibitishwa, ni kwamba mgonjwa anayerudi kliniki kila mwezi huonwa pia miguu iliyovimba, huulizwa kuhusu pumzi, na hubadilishiwa dawa nyingine kabla hali haijaharibika.

Uwezekano huo unailazimisha hoja iliyotangulia kurekebishwa. Safari ya kwenda kupimwa imechukuliwa hapa kama mzigo, na kwa mama lishe wa Manzese anayefunga biashara siku nzima ni mzigo kweli. Iwapo safari hiyohiyo ni sehemu ya tiba, basi hasara ya mgonjwa wa Kibamba aliyeshindwa kufika Upanga ilikuwa kubwa kuliko tarakimu moja ya INR iliyokosekana kwenye daftari lake, na swali la kuuliza kuhusu Mloganzila, au kuhusu tawi la Taasisi ya Moyo katika hospitali ya Dar Group huko Temeke, si tu kama kipimo kinapatikana huko, bali ni nani anayekutana na mgonjwa akishatoa damu.